Lethi (mashine ya kukereza vyuma) ya zamani inatoa tepa na inatetemeka, je beringi za spindo ndo zimekufa?

Swali: Mkuu habari. Nimepata mashine ya kukereza ya zamani, bedi yake (reli ndefu za chini) kama mita moja na nusu. Nikikereza shafti inatoka nene upande wa chaki (taya zinazoshika chuma) na nyembamba upande wa nje. Hendo ya kroslaidi (slaidi inayopeleka kisu ndani na nje) nikigeuza mwelekeo naizungusha karibu robo raundi ndo kisu kinaanza kusogea. Nikifanya patingi (kukata chuma kukitenganisha) mashine inatetemeka na kupiga kelele mpaka naogopa. Fundi mwenzangu kasema beringi za spindo (mhimili unaozungusha chaki) zimekufa nibadilishe zote. Nianze na hizo? Na bedi ikiwa imelika, inawezekana kuirudisha kwa mkono?

Jibu:

Salama mkuu. Hedistoki (sanduku linalobeba spindo) iache kwanza, usiiguse. Umetaja magonjwa matatu na katika hayo matatu ni moja tu ambalo beringi inaweza kushukiwa, nalo ni hilo la kutetemeka, na hata hapo haiko peke yake kwenye orodha. Tepa, yaani shafti kuwa nene upande mmoja na nyembamba mwingine, haitokani na beringi iliyolegea, beringi iliyolegea inakupa kazi isiyo duara na uso wenye mawimbi. Hendo kucheza robo raundi haihusiani na spindo hata kidogo. Halafu spindo ndo sehemu ambayo ukiifungua bila sababu unaweza kuifunga ikiwa mbaya kuliko ulivyoikuta, maana kiwandani ilipangwa kwa mikroni (sehemu ya elfu ya milimita), na wewe unaenda kuigonga na nyundo.

Kabla ya kusema kitu kimechakaa hakikisha mashine imekaa vizuri chini. Hili watu wanaliruka sana. Bedi ya kasti inaonekana ngumu lakini inapinda, ukiweka mashine kwenye sakafu isiyo sawa na ukakaza bolti za miguu bedi inajisokota kidogo, na bedi iliyosokotwa inatoa tepa hata kama mashine ni mpya kabisa. Tafuta pima maji ya mashine, ile yenye usikivu wa 0.02 mm kwa mita, ya fundi mwashi haifai hapa. Iweke kukatisha bedi karibu na hedistoki, soma, kisha ipeleke mwisho wa upande wa telistoki (kichwa cha upande wa pili kinachoshikilia ncha ya chuma), soma tena. Kinachotakiwa ni kipovu kikae palepale sehemu zote mbili. Bedi nzima ikiwa imelala kidogo upande mmoja siyo shida, shida ni pale inapolala huku hivi na kule vile. Ukishaweka sawa iache mpaka kesho yake upime tena, huwa inashuka.

Baada ya hapo fanya jaribio la kola. Chukua chuma cha kama milimita 40, kifunge kwenye chaki kitokeze milimita 150 mpaka 200, bila telistoki, katikati yake kipunguze ili zibaki kola (mikanda minene) mbili, moja karibu na chaki na nyingine mwisho. Kereza zote mbili kwa kisu kikali, mkato mdogo sana, bila kugusa hendo kati ya kola na kola, kisha pima kwa mikromita. Kola ya nje ikiwa nyembamba kama ulivyosema, maana yake kisu kinaingia ndani zaidi kadiri kinavyoenda mbali na chaki. Siyo chuma kupinda hicho, chuma kikipinda kwa kusukumwa na kisu kinatoka nene upande wa nje, wako ni kinyume chake. Kama ni msokoto wa bedi, dawa ni kushusha kidogo mguu wa mbele upande wa telistoki, au kunyanyua wa nyuma, sado (kibebeo cha kisu kinachoteleza juu ya bedi) inalala kuja kwako na kisu kinarudi nyuma. Sogeza kidogo sana, kereza tena, pima. Na kama shafti ulizokuwa unakereza umezishika kwa senta ya telistoki, basi angalia pia kama telistoki haijasogezwa upande wako, hiyo peke yake inatosha kuleta tepa ya namna hiyohiyo na inarekebishwa kwa skrubu mbili za pembeni.

Sasa utajuaje kama ni kusokotwa au ni kulika? Fanya kola nne au tano kwenye chuma kirefu kilichoshikwa na senta, andika vipimo vyake, chora kwenye karatasi. Nukta zikikaa kwenye mstari ulionyooka, tatizo ni msokoto, telistoki, au hedistoki haijaelekea sawa na bedi. Zikijipinda, yaani unene unabadilika sana karibu na chaki halafu huko mbele unatulia, bedi imelika. Kipimo kingine hakihitaji chombo chochote: ipeleke sado karibu na chaki, kaza loki yake kidogo mpaka iwe nzito lakini bado inasogea, kisha isukume kuelekea telistoki. Ikikaza njiani ikagoma kabisa, hapo unahisi kwa mkono tofauti ya sehemu iliyolika na ambayo haijaguswa. Karibu lethi zote za zamani zinalika kwenye hizo milimita mia mbili tatu za mbele ya chaki kwa sababu kazi nyingi ni fupi na zinafanyika hapo hapo, na chenga za chuma zinadondokea hapo hapo.

Hapa nikae kidogo maana ndo panachanganya watu. Unaambiwa bedi imelika 0.1 mm, unajiuliza mbona shafti inakosea 0.12? Mtu akichukulia kwamba kisu kimeshuka tu chini 0.1 hesabu haikubali, kwa sababu kisu kikishuka 0.1 kwenye shafti ya nusu kipenyo milimita 20 kosa lake ni robo ya mikroni, hakuna mikromita yako itakayoliona. Kinacholeta balaa ni kulala kwa sado. Reli ya mbele, ile ya umbo la V, inabeba mzigo mkubwa wa ukataji na uzito wa eproni (sanduku linaloning'inia mbele ya sado), kwa hiyo inalika zaidi kuliko ya nyuma, na ikishuka sado inainamia kwako. Tuseme reli ziko umbali wa milimita 300 na ncha ya kisu iko milimita 180 juu ya reli, ile 0.1 ya mbele inageuka 0.06 ya kisu kurudi nyuma, na kwa sababu kosa la kisu linajirudia mara mbili kwenye kipenyo unapata 0.12. Ndo maana shafti yako ni nene karibu na chaki, kisu kikifika hapo kinaikimbia kazi. Kwa hiyo mtu akikuambia bedi imelika muulize imelika reli gani, ya mbele au ya nyuma, zikishuka zote mbili sawasawa mashine inaweza kukereza vizuri tu miaka na miaka.

Haya, twende kwenye kutetemeka. Dayo geji (saa ya kupimia misogeo midogo) ndo itasema ukweli wa spindo. Kitako cha sumaku kiweke kwenye mwili wa hedistoki, siyo kwenye bedi wala sado, na kidole cha geji kiguse pua ya spindo yenyewe, usipime kwenye chaki maana chaki ina makosa yake. Ingiza bomba au mti mgumu kwenye chaki, nyanyua kwa nguvu ya mkono, soma, achia, soma. Spindo ya beringi za tepa rola (rola zenye umbo la koni) ikitikisika mikroni chache na kurudi sifuri, huko ni kunepa kwa chuma tu, iache. Ikiruka na kubaki ilipo, haijarudi, kuna pleyi (kucheza) ya kweli. Kama spindo yako ni ya bushi za bronzi, kumbuka zile lazima ziwe na nafasi ya filamu ya oili, 0.02 mpaka 0.025 mm kwenye jaribio hilo kwa mashine ndogo na za kati ni kawaida kabisa, usije ukaibana ukaunguza. Pima pia mbele na nyuma kwa kusukuma na kuvuta spindo kwenye mhimili wake, hapo utaona kama nati ya nyuma imelegea tu.

Mara nyingi sana dawa ya beringi za tepa rola siyo kununua mpya, ni kuzikaza. Kaza nati ya nyuma kidogo kidogo mpaka pleyi iishe, funga loki yake, kisha izungushe mashine spidi ya kati kwa muda wa kama saa moja ukiwa unagusa hedistoki upande wa beringi. Ikiwa vuguvugu mpaka moto wa kuvumilika, sawa. Ukiweka kiganja ukashindwa kukiacha hapo, umebana sana, legeza. Na kama kweli zimekufa, unasikia zinakwaruza ukizungusha kwa mkono mkanda ukiwa umetoka, au rola zina vidonda, hapo badilisha, ila angalia daraja la usahihi. Beringi ya kawaida ya saizi ya shimo la 50 mpaka 80 mm inaruhusiwa kuyumba kama mikroni 25, ya daraja la P5 kama mikroni 7 hivi. Namba ya kwenye boksi inafanana, tofauti ni hizo herufi za mwisho, na muuzaji atakuambia ni zilezile. Wakati wa kuzivisha zipashe moto kwenye oili au hita ya indaksheni, usivuke nyuzi 110 hivi, moto wa gesi usiusogeze kabisa.

Lakini kabla ya yote hayo, patingi inatetemeka kwa sababu nyingi za kijinga. Kisu kimetoka nje sana kwenye tulposti (kishika kisu), kisu kiko juu ya senta, kompaundi slaidi (slaidi ndogo ya juu) imening'inia nje ya kitako chake, gibu (vipande vya kubana slaidi isicheze) zimelegea. Anza na hizo. Mwenzako huyo kama amesikia tu mlio akahukumu beringi, mpe dayo geji apime mbele yako.

Kuhusu hendo kucheza robo raundi. Kama skrubu yako ni ya pichi 4 mm (mwendo wa raundi moja), robo raundi ni milimita nzima, na milimita nzima haiwezi kuwa imelika kwenye nati peke yake kirahisi hivyo, mara nyingi ni mchanganyiko. Weka dayo geji kwenye mwisho wa skrubu upande wa hendo, sukuma na kuvuta hendo bila kuizungusha. Skrubu ikienda mbele na nyuma, ile ni pleyi ya kola na beringi ya kusukuma, inaondoka kwa kukaza nati mbili au kuweka shimu (kibati chembamba), kazi ya dakika chache. Skrubu ikitulia na bado slaidi inacheza ukiisukuma kwa mkono, ni nati. Nati ya bronzi imewekwa hapo ili iliwe yenyewe badala ya skrubu, kwa hiyo kutengeneza mpya ni sawa, ila cheki skrubu yenyewe. Skrubu inalika katikati, pale inapofanya kazi kila siku, mwisho wake inabaki nzima. Ukiweka nati mpya iliyobana vizuri katikati, kule mwisho itagoma. Kama tofauti ni kubwa tengeneza skrubu na nati pamoja, na angalia uzi ni wa namna gani, trapezo ya milimita ina pembe ya nyuzi 30 na Acme ya inchi ina 29, mashine nyingi za zamani ni za inchi. Mtu mwingine atakuambia ipasue nati na uweke skrubu ya kuibana, inasaidia kwa muda, mimi naikubali kwenye mashine ambayo haina kazi ngumu.

Na nikuambie ukweli, pleyi ya hendo kwenye lethi haiharibu kipimo kama una mazoea ya kukaribia kipimo ukitokea upande mmoja siku zote. Inakera lakini haiharibu. Frezi (mashine inayokata kwa kata inayozunguka) ndo inaumia, ukikata kwa kufuata mzunguko wa kata meza inavutwa na kata inavunjika. Kwa hiyo skrubu isiwe ya kwanza kwenye bajeti yako.

Gibu ndo ningezishughulikia mapema. Toa gibu ya kroslaidi, isafishe, iweke kwenye bamba la kupimia lililopakwa bluu (rangi ya kuonyesha panapogusa), utaona inagusa ncha mbili tu au katikati tu, imejikunja. Wengi wanaikaza mpaka slaidi itulie ikiwa katikati ya safari, halafu ikienda mwisho inakwama, wanalaumu grisi. Slaidi nayo imelika katikati kama skrubu. Gibu ya tepa iliyolika mpaka imefika mwisho wa skrubu yake unaweza kubandika shimu ya bronzi mgongoni kwa epoksi ikapata tena nafasi ya kurekebishwa, upande wa mgongo lakini, siyo upande unaosugua.

Sasa swali lako la mwisho, bedi kwa mkono. Inawezekana, ila kwanza pitisha tupa kwenye kona ambayo haitumiki. Tupa ikiteleza kama kwenye kioo, bedi imechomwa ikawa ngumu, skrepa (kisu cha kukwangulia) ya mkono haitaifanya kitu, hiyo ni ya kupelekwa kwenye mashine ya kusaga. Tupa ikishika, unaweza kuikwangua. Lakini fanya hesabu: pasi moja ya skrepa inaondoa kama mikroni 3 hivi, bedi imelika 0.1, na ili uifikie sehemu iliyolika lazima ushushe yote ambayo haijalika, hapo ni pasi thelathini na kitu kwenye reli za mita moja na nusu. Mgongo wako ndo utajibu. Mimi ikivuka 0.1 naipeleka kusagwa, mkono naubakiza kwenye sado, slaidi na gibu.

Kukwangua kwenyewe kuko hivi. Unapaka bluu kwenye kipimo chako kwa utandu mwembamba sana, unalaza kazi juu yake, unasogeza kidogo, unainua. Palipo na bluu ni mlima, unapakwangua. Unafuta, unapindua mwelekeo wa skrepa ili alama zikatane, unarudia. Mwanzoni unaona madoa makubwa mawili matatu, baadaye yanagawanyika yanakuwa mengi madogo. Kwa reli za kuteleza nukta 10 mpaka 20 kwa inchi moja ya mraba zinatosha, na mabonde madogo kati yao ndo yanashika oili. Kuna kipimo kimoja wanaoanza hawakijui: ukishalaza kazi kwenye bamba, isukume ncha moja kwa kidole kwa upole uone inazunguka kwenye nukta gani. Ikizunguka kwenye katikati kama pia, ina tumbo, hata kama bluu inakudanganya imeenea. Uso ulio sawa unazunguka kwenye sehemu iliyo karibu theluthi moja kutoka ncha ya upande wa pili. Na kipimo lazima kiwe kweli, nyuso mbili zinaweza kulingana vizuri sana moja ikiwa na shimo na nyingine na tumbo, ndo maana Joseph Whitworth mwaka 1840 alikuwa anawaeleza watu njia ya bamba tatu, unazilinganisha kwa zamu mpaka zote tatu zinakubaliana, tatu haziwezi kudanganyana.

Ukisaga bedi usidhani umemaliza, hapo umeanza. Sado nayo ilikuwa imelika kufuata shimo la bedi, ina tumbo chini, ukiilaza kwenye bedi iliyonyooka inabembea kama meza yenye mguu mfupi. Lazima ikwanguliwe ilingane. Halafu kila kilichoondolewa kwenye bedi na kwenye sado kimeishusha eproni, hafu nati (nati ya eproni) haikai tena sawa na lidi skrubu (skrubu ndefu ya mashine), pinioni (gia ndogo ya eproni) imeachana na reki (meno marefu yaliyo chini ya bedi). Hapo ndo plastiki za kuteleza zinapoingia, Turcite ni PTFE yenye unga wa bronzi, inakuja ya bapa za unene tofauti, au epoksi ya kumimina kama Moglice. Unachonga chini ya sado kupata nafasi, unabandika, sado inarudi kwenye urefu wake wa zamani. Turcite ina upande mmoja uliochomwa kwa kemikali, una rangi ya kahawia, huo ndo unaobandikwa, ukigeuza haishiki. Kasti iwe imekwaruzwa na kusafishwa kwa asetoni mpaka kitambaa kitoke cheupe. Mifereji ya oili ichongwe isitoboe mpaka kwenye kasti na isifike ukingoni.

Njia za kroslaidi zilizoko juu ya sado zilinganishe na spindo kabla hujamaliza. Mashine ikifanya fesi (kukereza uso wa mbele wa kazi), uso uwe sawa au uwe na shimo dogo sana katikati, kama 0.02 kwa kipenyo cha 300 mm, isiwe na tumbo kamwe, maana flanji mbili zenye tumbo zikikutana zinabembea. Na shimu zote unazokuta chini ya hedistoki, chini ya breketi za skrubu, zifunge kwenye mfuko na uandike zimetoka wapi, kuna watu wanazitupa wakidhani ni takataka.

Kitu kimoja kinanikasirisha nikiseme. Kiti cha beringi kikilegea kwenye nyumba au kwenye shafti, usichukue senta panchi ukapiga vidoti kuzunguka ili beringi "ishike". Inashika kwenye ncha za vidoti, wiki mbili zinasagika, na sasa hata senta yake imehama. Legezo dogo la mikroni chache gundi ya beringi kama Loctite 641 au 638 inatosha. Kubwa zaidi ya hapo chonga uweke bushi, au kwa shafti peleka ikaongezwe kromu ngumu kisha isagwe. Kulehemu shafti ya spindo nisikusikie.

Ukifungua klachi au breki za mashine ya zamani sana usipulize vumbi kwa hewa ya kompresa, lining nyingi za enzi hizo zilikuwa na asbesto. Lowesha, futa, vaa barakoa ya kweli. Plagi ya umeme iitoe kabisa kwenye soketi, siyo kuzima swichi tu.

Oili: reli zipewe oili ya reli ya ISO VG 68, inang'ang'ania haikimbii. Grisi kwenye reli hapana, inashika chenga inakuwa msasa. Kwenye hedistoki yenye bushi za bronzi usiweke oili ya gia ya gari yenye salfa kali, inaila bronzi. Waipa (vifutio) za felti za sado weka mpya, ni kipande cha kitambaa tu lakini ndo kilichoiua hiyo bedi kwa kukosekana, na ukitumia msasa au jiwe la kusagia kwenye mashine funika bedi.

Kwa hiyo wiki hii fanya pima maji, kola, dayo geji kwenye pua ya spindo na kwenye mwisho wa skrubu, kaza gibu, jaribu patingi tena kwa kisu kifupi. Kama kazi zako ni bushi na pini fupi na kosa linabaki 0.02 au 0.03 kwenye urefu huo, iache bedi ifanye kazi. Ukiwa unahitaji shafti ndefu za beringi na reli ya mbele imeshuka zaidi ya 0.1, tafuta kwanza mtu mwenye mashine ya kusaga inayobeba urefu wako, ndipo uanze kufungua.